Shikamoo ya Kutoka Juu

Honi yetu ilifika nyumbani kwa kina Upendo kabla yetu. Nilikuwa nimeitoa kwenye lori la miwa la Kidodi, na mlio wake ulikuwa wa kukoroma, mrefu, wa kupanda na kushuka. Upendo aliniambia baadaye kwamba wanawake waliokuwa wakipepeta mchele uani walisimama na nyungo mikononi, na bibi yake akauliza ni treni gani imeacha reli.

Kisha wakatuona. Vichwa vyetu vilipita juu ya ua wa michongoma kama vya watu waliokaa ghorofani: mimi kwenye usukani, na kando yangu Mzee Cornel, mshenga wangu, ndani ya suti ya kahawia.

Gari lilikuwa la mama yangu, Filomena, pale Kilosa. Gari la familia, jeupe, refu nyuma, lililochoka kwa kubeba magunia ya vitunguu na wanakwaya. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wa nchi nyingine wanavyochukua magari kama hilo na kuyageuza ya kwenda porini, na sikuona walichonizidi. Nikalivua springi zake, nikalivika za lori. Nikalitia tairi za trekta, nikachomelea bampa la mabomba ya maji, nikapandisha bomba la kuvutia hewa hadi juu ya paa ili gari lipumue hata likizama mtoni. Katikati ya paa nikakata tundu, mtu asimame na kutazama mbali. Nilipomaliza, sakafu ya gari ilinifika kifuani, na mimi si mfupi. Mama alilizunguka, kisha akauliza, "Na mimi napandia wapi, Ditram?"

Nikamtengenezea ngazi.

Kwenda nalo kuposa kulikuwa na sababu. Baba yake Upendo, Mzee Alfred wa Mikumi, alikuwa amesema mbele za watu kwamba kijana wa Kilosa hawezi kufika kwake masika bila kusukumwa. Maneno ya namna hiyo mimi siyamezi. Nilitaka barua ya posa iingie Mikumi masika hayo hayo, bila tope hata kwenye soksi za mshenga.

Na kwa upande wa tope hakuna wa kunisema. Tulilipita kama halipo. Shida ilianzia kwa watu.

Karibu na kijiji cha Ulaya nilipunguza mwendo kumpisha mzee mwenye baiskeli. "Shikamoo, babu," nikamwambia kupitia dirishani.

Mzee akaangalia kulia, akaangalia kushoto, ndipo akainua uso. "Nani huyo ananisalimia kutoka mbinguni?"

"Ni mimi hapa, babu."

"Shuka."

Nikateremka ngazi, nikamwamkia upya nikiwa ardhini, akaitikia, akauliza habari za wazazi wangu hadi zikaisha, ndipo nikapanda. Mbele kidogo mama mmoja mwenye mzigo wa kuni naye akaninyooshea kidole ardhini. Baada yake wakaja wazee wa kutoka kanisani, na kila mmoja alitaka yake.

"Wana haki," Mzee Cornel akasema. Alikuwa mstaafu wa reli na ameshaozesha nusu ya Kilosa, hivyo mambo ya heshima aliyajua. "Salamu haimwagwi juu ya kichwa cha mkubwa. Hata mimi ningekukatalia."

Katika kupanda na kushuka huko nilianza kuifunga ngazi kwa hasira, na kitu kinachofungwa kwa hasira hufungwa vibaya. Tuliposimama uani kwa kina Upendo, nyuma ya gari palikuwa na kamba tupu.

Mimi niliruka. Mzee Cornel alifungua mlango, akatazama chini, akaufunga. "Ditram, nina nyonga moja tu nzuri. Siihatarishi kwa ajili ya harusi yako."

Bibi Anastazia, mama yake Mzee Alfred, ndiye mwenye kauli ya mwisho katika nyumba ile. Alikuwa mkubwa hata kwa Mzee Cornel. Bila yeye kuitikia salamu, mshenga hawezi kutoa barua, na katika ukoo wao posa iliyogeuzwa mlangoni hailetwi mara ya pili. Mzee Cornel akavua kofia na kutoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama."

Bibi akainua uso. "Naona matundu ya pua. Mwenyewe yuko wapi?"

"Niko hapa, mama. Mshenga kutoka Kilosa. Shikamoo."

"Mtu aliyekuja kuomba hasimami juu ya kichwa changu. Ashuke."

"Ngazi imeanguka njiani, bibi," nikasema.

"Basi na posa imeanguka njiani," akasema Mzee Alfred, na akageuka kuelekea ndani. Uso ulimng'aa kwa furaha.

Upendo alikuwa mlangoni mwa jiko. Hakucheka. Alinitazama mara moja tu, na nikajua kwamba baba yake akiufunga ule mlango, nimemkosa.

Nikakimbilia tairi, nikazitoa upepo. Gari likashuka kiganja kimoja, upande mmoja tu. Mzee Cornel akateleza hadi dirisha la pili, akasalimia upya huko alikotokea, na shikamoo yake ikawaendea kuku. Nikanyakua jembe, nikaanza kuchimba mbele ya gurudumu.

"Unamchimbia nani kaburi uani kwangu?" Bibi akauliza.

"Nalishusha gari, bibi."

"Yaani umelipandisha kwa mikono yako, na sasa unaishusha nchi."

Wanawake wa nyungo wakaangua kicheko. Nilizidi kuchimba. Ndipo Upendo akatoka na meza ya jikoni, akaiweka chini ya mlango wa gari, na juu ya meza akaweka kigoda. Mzee Cornel akakipima kigoda kwa jicho, akashika nyonga, akatikisa kichwa.

"Kama mshenga hawezi kushuka, bibi, panda wewe."

"Mama hapandi huko," Mzee Alfred akasema.

Kama angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Bibi alimgeukia polepole. "Nani kakuambia sipandi?"

Wanawake wawili wakamshika makwapa, mimi nikashika miguu, na Bibi Anastazia akaingia ndani ya gari. Akaketi kwenye kiti changu, akatengeneza khanga, akamgeukia Mzee Cornel ana kwa ana.

"Haya. Nisalimie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za Kilosa?"

Maji ya kunywa yakapandishwa. Barua ikatolewa kwa mikono miwili, ikapokelewa, ikaingia ndani ya khanga bila kufunguliwa, maana Bibi alikuwa ameshaliona tundu la paa. Akasimama juu ya kiti, kichwa kikatokea nje.

"Kumbe kwa jirani Yusrah wameezeka upya," akasema.

"Mama, shuka tujadili," akasema Mzee Alfred.

"Jadili. Nakusikia vizuri tu." Akatazama ng'ambo ya mashamba, upande wa hifadhi ya wanyama. "Kijana. Tembo ana kimo gani?"

"Bibi?"

"Wale wanaomaliza mahindi yangu. Macho yao yako hapa?" Akaweka kiganja mbele ya uso wake.

"Hapo hapo, bibi. Mmelingana."

"Nimewagombeza miaka yote na debe mkononi, hawageuki. Kumbe nayasemesha magoti. Nani anasikia kwa magoti?"

"Mama, wale ni wanyama."

"Na wewe ulikuwa mnyama, Alfred. Nikakusema, ukasikia." Akanirudia mimi. "Hili dude lako likimwona tembo, litakimbia?"

"Halijawahi kukimbia kitu."

"Barua nimeipokea. Lakini mjukuu wangu hatoki kwa karatasi. Niahidi hapo habari ya hao tembo, majirani wasikie."

Nikasimama ndani ya shimo langu, jembe mkononi, shingo imepinda kumtazama. Upendo alikuwa bado ameishikilia meza, na alikuwa akinitazama.

"Bibi Anastazia," nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "mahindi yakibeba na tembo wakija, nitakupandisha humu na kukupeleka hadi usoni kwa yule mkubwa kuliko wote, nitazima injini, na sitaiwasha mpaka umwambie yote uliyonayo."