Pumba za Mwezi wa Sita

Kilima cha pumba kilikuwa kimelipita paa la mashine ya kukoboa mpunga siku Mhandisi Modest alipofika kijijini Puge. Alikizunguka, akakipiga picha, akacheka peke yake kama mtu aliyeokota ng'ombe.

Ng'washi, anayefagia pale mashineni, alimwangalia tu. Hakuulizwa kitu.

Wiki mbili baadaye wajumbe saba wa kamati ya umeme waliitwa hapohapo waweke sahihi kwenye fomu ya mradi wake. Ng'washi alikuwa mmoja wao. Ilitakiwa nafasi ya msichana, wakamchagua yeye kwa kuwa hasemi.

"Nimepima njia tatu, nikazipa alama," Modest alisema. "Upepo wenu mdogo. Jua likipata mawingu, linagoma. Pumba ndizo za kwanza: mtambo unazichoma, mnapata umeme usiku na mchana, na hewa ukaa haiongezeki, maana mpunga unaota tena."

Ng'washi akainuka. "Shikamoo, mhandisi."

"Marahaba."

"Ulikuja kupima mwezi gani?"

"Wa sita."

"Mwezi wa sita hapa hata kuku wananenepa." Watu wakacheka. "Nafagia hapa mwaka wa nne. Mwezi wa sita natoa viroba hamsini kwa siku. Wa tisa, vitano. Kuanzia wa kumi na moja nafagia vumbi, na kilima chote wafyatua tofali wameshakibeba kuchomea tofali zao. Mtambo utakula nini?"

Modest akafunua kurasa. "Kuna kuni. Za dharura tu. Msitu wa kijiji si upo hapo?"

Ng'washi akaugeukia msitu. Ndani ya msitu ule ilining'inia mizinga kumi na miwili aliyoachiwa na marehemu baba yake; asali yake ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Dharura gani ya miezi saba kila mwaka?

"Mjukuu wangu, weka sahihi," mwenyekiti, mzee Mayala, alimnong'oneza. "Watu wa mradi wakikasirika tutabaki gizani."

"Babu, mashine tunaiwasha saa mbili asubuhi, saa kumi tunazima. Jua lipo, na taa za usiku betri inatosha. Siku ya mawingu tutakoboa kesho yake. Huo umeme wa kuchomea msitu usiku kucha, anakoboa nani?"

"We Ng'washi, darasa la saba tu, leo umekuwa mhandisi?" mjumbe mwenzake, Renatus, alimkejeli.

"Kuhesabu tulifundishwa darasa la kwanza, kaka. Wewe siku hiyo ulitoroka?"

Wanawake waliosubiri kukoboa wakapiga vigelegele. Ng'washi akachukua kalamu na kwenye mstari wake akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: SIKUBALI. KUNI ZIFUTWE.

"Dada, fomu hii haina sehemu ya maoni," Modest alisema.

"Nimeona. Ndiyo maana nimeandika penye sahihi."

"Bila sahihi saba haiendi popote!"

"Basi isiende."

Modest akamgeukia mwenyekiti, akingoja amkemee. Mzee Mayala aliitazama fomu, akautazama msitu, akajikuna kidevu.

"Hebu turudie, mhandisi," alisema. "Jua ulilipa alama ngapi?"