Mlango Uliobaki Mahomelo

Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi, Methusela, karani wa Mahakama ya Mwanzo ya Mahomelo, alifika kazini akakuta jengo halipo. Ulibaki mlango tu, umesimama kwenye fremu yake. Michirizi ya kuta zilizojiburuta ilikatiza shamba la mtama kuelekea mjini, maili ishirini na tano. Methusela akaufungua mlango kwa ufunguo wa kila siku, akafagia kizingiti.

Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuunganisha mahakama ndogo, na siku hiyo ndipo ilipoanza kutumika.

"Jengo limetii," alisema Raheli, muuza togwa. "Sisi ndio hatukusoma gazeti."

Penina alifika saa tatu kusikiliza hukumu yake. Matanga ya mumewe yalipokwisha tu, shemeji yake Yoramu aling'oa ua wa minyaa uliokuwa mpakani akalitwaa shamba lake lote. Hakimu alishakuja kukagua. Wazee wa baraza walishayaona mashimo ya minyaa. Lakini sasa hukumu ingesomwa mjini, basi la serikali lilikuwa limeuzwa, na la mtu binafsi lilipita Jumamosi tu, siku ya mnada. Yoramu alikuwa ameondoka kwenda mjini jana yake kwa lori la alizeti.

Saa nne, tarishi wa mjini aliita jina, na sauti ikatokea mlangoni.

"Penina Mazengo!"

"Nipo."

Akaita mara tatu, kama ilivyo desturi. Mara tatu akaitikiwa.

"Sauti tunaisikia, mama," hakimu akasema. "Mwenyewe uko wapi?"

"Mlangoni pa mahakama, mheshimiwa. Palepale mliponiita."

Zikasikika kurasa zikifunuliwa. Hakimu akaeleza, kwa upole, kwamba sheria inataka mdai afike. Kuhusu sauti haikusema kitu. Shauri likafutwa kwa mdai kutofika. Yoramu akasikika akishukuru.

Methusela aliandika kwenye daftari kwamba mdai alifika mapema. Daftari hilo halikuwa tena la mahakama yoyote.

Siku hizi, kila Jumanne, watu huja na vigoda vyao kuitikia majina yao, na mashauri yao hufutwa kwa utaratibu. Penina hupita hapo na jembe begani, akienda kibarua katika shamba la Yoramu. Hupita mlangoni, si kando, na huinamisha kichwa kidogo, kama inavyopasa mtu aingiapo mahakamani.