Sauti Iliyobaki Nje

Fundi aliporwa jioni akiwa anafunga duka lake la ushonaji. Wanaume wawili walijitosa ndani wamejifunga vitambaa usoni. Mmoja akambana ukutani, akamwambia kwa sauti ya kukwaruza atulie. Wakaondoka na cherehani mbili, wakamwachia moja kuukuu.

Kesho yake polisi wakauzoa mtaa. Kila kijana aliyekutwa barazani alipakiwa kwenye karandinga, akiwemo kinyozi wa chumba cha jirani, aliyezoea kumwita fundi shangazi ingawa hawakuwa na undugu wowote. Watu walipiga makofi. Fundi mwenyewe alipata usingizi.

Lakini wizi haukukoma. Duka la dawa likavunjwa, kisha nyumba ya mwalimu. Kila likitokea jambo, karandinga lilirudi kuzoa wengine, hadi mama yake kinyozi, aliyekuwa akimpelekea mwanawe chakula, akasema mahabusu wanalala kwa zamu kwa kukosa nafasi. Mtaani walibaki wazee, wanawake na kufuli mpya.

Kesi ya cherehani, ambayo kinyozi ndiye aliyeshtakiwa, ilipokaribia, mchana kweupe, aliingia mteja aliyetaka suruali yake ipunguzwe. Fundi akapiga magoti, pini mdomoni, akaanza kukunja pindo. Pini moja ikamteleza, ikamchoma mteja kifundoni.

"Tulia, mama," sauti ikakwaruza juu ya kichwa chake. "Tulia tu."

Fundi hakuinua uso. Aliukunja na mguu wa pili polepole. Mteja akauliza kama ni kweli ameitwa mahakamani. Akajibu ndiyo. Mteja akasema ni vizuri, vijana wa siku hizi wamezidi. Kisha akatoka bila haraka.

Fundi alikwenda kituoni akitembea, maana aliogopa kuonekana anakimbia. Mkuu wa kituo alimsikiliza huku akichezea funguo, akamjibu kwamba sauti za kukwaruza ziko nyingi.

"Mama, jela imejaa. Ukiona hivyo, ujue kazi inafanyika."

"Afande, imejaa na bado tunaibiwa."

"Basi tutaongeza."

Hakuwa anatania. Fundi akamkumbuka mwanawe, kijana naye, ambaye hurudi kutoka kazini giza likianza kuingia.

Mahakamani alimkuta yule mteja ameketi benchi la nyuma, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kumsindikiza ndugu. Kinyozi alikuwa kizimbani, amekonda, shingo imejaa vipele. Mwendesha mashtaka akamtaka fundi amwonyeshe mwizi wake. Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole mbele tu, arudi nyumbani salama.

"Si huyu," akasema. Kisha akarudia. "Si huyu. Yuko pale nyuma."

Watu waligeuka. Yule mtu alikuwa ameshasimama. Akamtazama fundi kwa muda, akapita katikati ya askari wawili walioshangaa tu, akatoka. Hakukamatwa.

Kinyozi aliachiwa, wenzake wakarudishwa ndani kungoja kesi zao. Alasiri hiyo hiyo fundi alifunga duka, akamtuma mwanawe atangulie kwa dada yake yeye fundi, mtaa wa mbali. Kinyozi akambebea cherehani iliyobaki. Walipofika njia panda wakasikia karandinga linakuja. Kinyozi akaitua cherehani chini, akajibanza nyuma ya shangazi yake, ingawa hati ya kuachiwa alikuwa nayo mfukoni.