Mtoto Aliyecheua Jino

Mshonaji alipotakiwa kurudi kiwandani, mtoto alitolewa ziwani siku hiyohiyo akaanzishiwa maziwa ya kopo. Mshonaji alichemsha chupa, akakoroga unga, akadondoshea tone kifundoni mwa mkono kupima joto, kisha akampa. Mtoto alikunywa yote. Halafu tumbo likamsokota, akajikunja, akacheua. Katikati ya mabonge ya maziwa palikuwa na jino.

Mama mkwe alilisuuza, akamtazama mkwewe pengoni, akasema ni lake. Kweli lilikuwa lake. Lilimtoka siku mumewe, muuza nyama, alipomgongesha mdomo kwenye ukingo wa meza, mtoto yuko ziwani.

Mchana mtoto alitapika fungu la nywele lenye ngozi mizizini. Jioni ulitoka mkanda, bizimu likitangulia, na bibi akauvuta taratibu asimkwaruze mjukuu koo. Muuza nyama aliacha kula.

"Kumbe uko huku," akasema. Alikuwa ameutafuta wiki nzima. Akaufuta, akampiga nao mkewe kwa kuuficha, kisha akauvaa.

Kesho yake mshonaji alimpeleka mtoto kliniki. Nesi aliliona jicho la mshonaji lililovimba likafumba, akauliza kinyesi cha mtoto kina rangi gani. Akabonyeza kitumbo, kikatoa mlio wa kofi.

"Usiogope, mama. Ulikuwa unanyonyesha huku unapigwa, naye akawa anameza vyote. Tumbo likishazoea kitu, ukilibadilishia ghafla linarudisha. Mbadilishie kidogo kidogo. Asubuhi ziwa, mchana kopo."

"Na mimi?"

"Wewe kunywa maji mengi."

Mshonaji alifuata maelekezo. Alichanganya maziwa kwa kipimo, akamnywesha mtoto akiwa ameinuliwa kichwa. Vilivyotoka vikapungua: kishikizo cha blauzi, ukucha, mwisho damu kidogo isiyokuwa ya mtoto. Ziwa likakauka lenyewe.

Jumapili moja mchana muuza nyama aliuona mchuzi umezidi chumvi. Alimshika mkewe shingoni akambamiza ukutani mpaka plasta ikapukutika, na alipoanguka akaendelea kwa miguu. Mshonaji alikunja magoti kukinga tumbo. Kando yao, mapajani mwa bibi, mtoto alimaliza chupa. Bibi alimweka begani, akampigapiga mgongo. Mtoto akabeua hewa tupu, akalala.

"Sasa maziwa yamemkubali," bibi akasema, akamlaza vizuri, akaenda kuleta tambara la kufutia damu.