Siku Kobe Aliposoma Bila Kukwama

Kobe hakuwa kobe. Alikuwa kitambaa cha kijani, vipande viwili vya sponji na macho ya vifungo vya koti, na ndani yake ulikuwamo mkono wa kulia wa mwanamke wa miaka sitini na mmoja ambaye wenzake kazini walimwita Mama Kobe. Kwa miaka tisa alikuwa akilala chali chini ya meza ya studio, juu ya kibao chenye magurudumu, mkono juu, macho kwenye televisheni ndogo iliyowekwa karibu na magoti yake ili aone kinachoonwa na kamera. Kila siku ya kurekodi bega lilimuuma. Ukimuuliza kwa nini hastaafu, atakuambia ni mshahara, lakini huo ni uongo mtupu. Alimpenda Kobe.

Kipindi kiliwafundisha watoto wadogo kusoma na sayansi kwa pamoja, na kilikuwa na desturi moja isiyovunjwa: Kobe hukosea kwanza. Dada mtangazaji humpa kadi ya maelekezo ya jaribio, Kobe huangalia herufi mbili za mwanzo wa neno, kisha hukisia zilizobaki bila haya wala soni. Siku ya yai, kadi ilisema kwamba yai bichi huzama majini, ila ukikoroga chumvi ya kutosha, huelea. Kobe akasoma "chai." Akamimina birika zima kwenye bakuli, yai likabaki chini limetulia tuli, na watoto majumbani wakapiga kelele za kumrekebisha mpaka majirani wakachungulia madirishani.

Mtoto mmoja hakupiga kelele. Huyo alikuwa mjukuu wa Mama Kobe mwenyewe, msichana wa miaka saba, ambaye yeye na kusoma walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Akisimamishwa darasani asome, wenzake huvunjika mbavu. Mwalimu alikwisha kumwandikia mama yake kwamba asipoweza kusoma ukurasa mmoja kabla ya muhula kwisha, atarudia darasa. Mtoto hakufa moyo, kwa sababu alikuwa na jibu lake. "Hata Kobe hajui," aliwaambia wanaomcheka, "na Kobe yuko kwenye TV." Halafu hukifungua kitabu na kujaribu tena. Alijua vizuri kwamba ndani ya Kobe yumo bibi yake. Hilo halikumpunguzia chochote; Kobe ni Kobe.

Sasa kipindi kilipata mwongozaji mpya, kijana nadhifu ambaye mafundi walimbandika jina la Kata, kwa sababu neno hilo la kusimamisha kamera ndilo alilolipenda kuliko yote. Siku moja alipiga magoti kando ya meza, akainama mpaka uso wake ukaonekana chini.

"Mama, wazazi wanalalamika. Wanasema watoto wanaiga makosa ya Kobe. Ofisi inataka amalize msimu akiwa anasoma. Ukurasa mzima, bila kukwama."

"Mwanangu, juzi hajui chumvi, leo asome ukurasa? Mpe hata vipindi sita."

"Kimebaki kimoja."

"Basi akwame mara mbili tu. Hata moja."

"Imeshaamuliwa, Mama."

Angeweza kukataa. Watu huwa wanasema hivyo wakiwa wamekaa kwenye viti vizuri. Mama Kobe aliuma meno, akainua mkono, na Kobe akasoma ukurasa mzima kuhusu kivuli, kwa nini ni kirefu asubuhi na kifupi mchana, akiteleza kama msomaji wa taarifa ya habari. Mafundi wa kamera wakapiga makofi. Yeye alibaki chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akimfikiria mtoto mmoja tu.

Jumamosi asubuhi, siku ya kurushwa, alikwenda kwa binti yake ili amtazame mjukuu akitazama. Binti alikuwa anapiga pasi sare za shule. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, kidevu juu ya magoti. Kobe aliposoma sentensi ya kwanza, mtoto alitabasamu. Ya tatu, tabasamu likaondoka. Ukurasa ulipokwisha, aliinuka akazima televisheni, na watu bado wanashangilia mle ndani.

"Amejifunza," bibi alisema haraka. "Umeona? Alijitahidi."

"Lini?" Mtoto hakumgeukia. "Juzi alikuwa hajui. Mtu hajifunzi hivyo." Kisha akasema polepole, "Alikuwa anajua siku zote. Alikuwa anajifanya. Na yeye ni wewe, Bibi. Wewe ulikuwa unaniigiza mimi."

Roho ilimuuma Mama Kobe. Maneno ya kumbembeleza yalikuwa tayari mdomoni, mazuri kabisa, ya kazini, akayameza.

"Sikukuigiza wewe," alisema. "Nilijiigiza mimi. Ile ya kuangalia herufi mbili halafu kubahatisha, hiyo yangu. Nilifika darasa la nne sijui kusoma jina la shule yangu. Kila alichokosea Kobe, nilikikosea mimi kwanza, na sijasahau hata kimoja."

Pasi ilisimama hewani. "Mama," binti alisema, "mbona hujawahi kuniambia?"

"Niliona aibu, mwanangu. Mpaka sasa hivi naona aibu."

Mtoto alikuwa amegeuka. Alimkagua bibi yake kwa makini, kana kwamba anatafuta pale uongo ulipofichwa.

"Walikucheka?"

"Sana. Mwalimu naye."

"Halafu ukajuaje?"

"Dada yangu mkubwa alikaa na mimi. Nikikosea, alinyamaza. Basi. Hakuna alichofanya zaidi ya hicho."

Mtoto alikwenda chumbani, na kwa muda bibi aliamini kwamba amempoteza. Akarudi na kitabu cha shule, akakaa sakafuni tena, mbali kidogo na miguu ya bibi, akaweka kidole chini ya mstari.

"Baba ana... anakwenda shuleni."

Kitabuni iliandikwa "shambani." Bibi aliiona kutoka pale alipokaa. Miaka tisa ya kazi ilimfundisha kwamba kimya kikizidi kidogo, mtoto hubadilisha stesheni, na ulimi ulimwasha. Binti naye alifungua mdomo. Bibi akamtolea macho, binti akaufunga.

Kidole hakikuondoka. Midomo ya mtoto ilicheza bila sauti.

"Sha," akasema. "Sham. Shamba... shambani." Akainua uso. "Si shuleni. Nimekosea."

"Endelea," bibi alisema, na sauti ilimtoka yake mwenyewe, ya kukwaruza, haikufaa kwa televisheni yoyote.