Msiba wa Akili Yangu

Usiku wa kuamkia leo niliota akili yangu imefariki, na mfiwa ni mimi. Imelazwa sebuleni, imevikwa sanda, ndogo kama kifaranga. Majirani wananipa pole, nami napokea.

Akaja mtani wangu Mihambo, Mnyamwezi, kufanya kazi yake ya kumwigiza marehemu. Sisi Wazigua ni watani wao, msibani hatuwazuii. Alijifunga khanga yangu, akaenda hadi mlangoni, akasimama, akauliza alikuwa anafuata nini vile. Akarudi. Akaenda tena. Watu walicheka wakashika mbavu. Nami nilicheka, maana marehemu alikuwa hivyo hivyo.

Tulipofika makaburini, kumbe ni jikoni kwangu. Kaburi limechimbwa penye mafiga. Figa moja lililosogezwa kando likaniuliza, kama akili ndiyo ile iliyomo sandani, anayelia ni nani. Nikaliambia ni mimi.

"Umejuaje?" likasema.

Niliendelea kulia.

Mara Mihambo anaruka kaburini, analala chali, anafumba macho. Watani huzuia kaburi namna hiyo mpaka wapewe kitu. Ninampa jogoo, anakataa.

"Nipe mtoto mmoja, mtani. Marehemu asiende peke yake. Huyo hutamjua tena."

Nilizaa wawili tu. Mhando alikufa hajaota meno, na wote waliopata kumwona wamekwisha kufa, nimebaki mimi. Binti yangu yu hai.

Nikamsihi achukue vingine: ujana wangu, njia ya kisimani, hata sura ya mama yangu. Akapiga mwayo, akasema vitu hivyo marehemu alishavila zamani, na maiti haipendi kungojeshwa.

Nikawaza, Mhando nikimtoa, hana pengine pa kukaa.

"Mchukue aliye hai," nikasema. "Yeye ana mdomo. Atajitambulisha mwenyewe."

Mihambo hakucheka. Alitoka kaburini, akajikung'uta udongo, tukazika.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda. Mwanamke mmoja aliingia na bakuli la uji. Uso wake mzuri, umechoka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akawa anaupoza uji kwa kijiko. Mimi sikuwa nimemuuliza kitu.

"Mimi ni Mwanaidi, mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kubisha hodi nyumbani kwao. "Binti yako. Haya, tunywe uji."