Mwasiti Ajisugua Ujana

Mwasiti wa Kasingirima aliomba jambo moja tu: mdogo wa kike wa mchumba wake Saad, yaani wifi yake mtarajiwa, asimwamkie shikamoo. Saad alishawaambia kwao kwamba mwanamke anayemuoa bado mbichi. Basi asubuhi ya ugeni Mwasiti akachanganya sukari na mawese, akajisugua uso kama anayekwangua ukoko wa sufuria. Mikunjo haikutoka, ila ilinywa mawese, kila mmoja ukawa mstari wa rangi ya chungwa.

Wifi akaingia, akamtazama, akapiga magoti kabisa.

“Shikamoo, bibi.”

Mwasiti akacheka mpaka machozi yakateleza juu ya mafuta.

“Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa nautafuta ujana, kumbe nachimbua uzee. Kamwambie kaka yako, bibi amekubali kuolewa.”